Kazi Yangu ya Kernel Ina Jina la Mume Wangu

Admin, nifiche tafadhali. Mume wangu yuko kwa hii page na wifi zangu wote wanasoma.

Mimi ni mama wa miaka 31, nina mtoto mmoja, tunaishi Kabiria. Nilisomea kompyuta lakini tangu nijifungue niko nyumbani. Mume wangu ameajiriwa kwa ofisi moja Hurlingham. Mtoto akilala nilikuwa nachukua laptop na kusoma kernel, ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta, ambayo watu wa dunia nzima huitengeneza pamoja. Huko nikaona ujinga fulani. Kila faili mpya, kabla ionekane kwenye folda, lazima jina lake liandaliwe, na hatua zile zile zilikuwa zimerudiwa kila mahali. Nikazikusanya pahali pamoja. Nilihangaika nayo miezi, nikinyonyesha huku nikiandika kwa mkono mmoja.

Katika kazi ya kernel, anayetuma hutia jina lake chini kuapa kwamba ni yake, na ikishatumwa haifutiki. Nilimwomba mume wangu anipitishie Kiingereza tu. Akaituma kwa jina lake.

Ikasifiwa. Kampuni ya nje ikamwita interview. Kanisani akasimama kutoa ushuhuda, mama mkwe akapiga vigelegele kwamba kijana wake ana kichwa. Na mimi nikapiga makofi, mjinga mimi.

Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa: "Mama Tasha, wewe hii kitu unafanya tu kwa nyumba. Mimi ndio nahitaji jina kwa kazi. Si tunakula wote?"

Sasa msimamizi mmoja wa hiyo kernel ameuliza, mbele ya kila mtu, kwa nini pahali fulani mpangilio wa hatua umebadilishwa. Mume wangu haelewi hata swali. Mimi najua: pale mwanzoni jina la faili lilikuwa linaonekana kabla faili yenyewe iwe tayari, kama kuita wageni mezani na maji ya ugali hayajachemka. Jana alinipigia magoti jikoni akilia. Asipojibu, watajua si yake na hiyo kazi ya kampuni ya nje imeenda. Nikimjibia, nimejizika mwenyewe. Nikisema ukweli, nimemwaibisha baba wa mtoto wangu, na ndiye anatulisha. Nimechoka, kichwa kinaniuma, sina wa kuambia.

Jibu nimeshaliandika. Limebaki jina tu la kuweka hapo chini. Ndugu zangu, niweke la nani?