Kiingereza cha Kumsifu Fundi Wangu

Kiingereza nilichonacho nilikiokota barabarani, nikiwa kijana wa koleo, tulipokuwa tukitengeneza njia kati ya Lodwar na Kakuma. Shule nilikuwa nimeiacha zamani. Nyumbani mbuzi walikuwa wengi kuliko watoto wa kuwachunga. Mwalimu wangu akawa nyapara. Alinifundisha "stupid" siku ya kwanza, kabla hata hajajua jina langu. Baadaye "lazy", akinikuta nimeegemea koleo. Kisha "useless" na "rubbish", na siku niliyomwaga saruji nikapata "careless". Sikuhitaji kamusi, maana yote ilikuwa usoni pake. Neno la kusifu alikuwa nalo moja tu, "okay", na hilo alilitoa akiwa ameshanigeuzia mgongo.

Basi nimezeeka hivyo. Lawama za Kizungu ninazo kamili, sifa sina. Wala sikuona hasara. Karakana yangu ya milango na madirisha ya chuma hapa Kakuma niliijenga bila kusifiwa na mtu.

Hasara niliiona mwaka huu, kwa sababu ya fundi wangu. Ni mwanamke wa Katilu. Alikuja kwangu kufagia vumbi la chuma, akakaa akitazama, na leo hakuna mlango mkubwa unaotoka hapa bila mkono wake. Watoto wake wanasoma Lodwar, wanakaa kwa dada yake, na yeye huwaona mwisho wa mwezi. Chuo kimoja huko Lodwar kikatafuta mtu wa kuwaonyesha wanafunzi kazi ya kuchomelea. Akaomba. Akaandika namba yangu, niwe mtu wa kuulizwa habari zake.

"Mzee, watakupigia," akaniambia. "Wanaongea Kizungu."

"Waache waongee. Mimi pia naongea."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mashine yake.

Jioni nilimpigia binti yangu, ambaye ni mwalimu, anipe maneno ya kusifu. Akaanza na "outstanding". Nikauliza ndiyo nini. Akasema ni mtu anayewapita wenzake wote.

"Wenzake wapi? Mafundi ninao watatu, na mmoja ni mlevi."

Akanipa "passionate", mtu anayeipenda kazi kwa moyo wote. Nikamwambia hakuna anayependa kuchomelea chuma saa nane mchana kwenye jua la Kakuma. Huyu anachomelea kwa sababu ana watoto.

"Baba, ni namna tu ya kusema. Kila mtu anasema hivyo."

"Kama kila mtu anasema, watamjuaje wangu?"

Alivuta pumzi, nikaisikia mpaka huku. Akasema basi nishike "hardworking", mchapakazi. Hilo nikalikubali. Nikalirudia nikila, nikalirudia nikivua viatu.

Simu ikaja asubuhi, grinda za kusagia chuma zikiwa zinalia. Nikatoka hadi barabarani. Sauti ya kijana, ya haraka, ikaniuliza kwa Kizungu huyu mama ni mtu wa namna gani. "Hardworking" likapotea palepale. Nililitafuta, nikamkuta nyapara tu, amesimama na maneno yake. Nikafanya nini? Nikachukua hayohayo, nikayatia "not" mbele, moja moja, kwa sauti ya kutosha. Si "lazy". Si "careless". Si "stupid". Si "useless". Si mwizi. Kila nililolitaja nililipima kwanza, na yote yalikuwa kweli.

 Kijana akaacha Kizungu, akaja kwa Kiswahili.

"Mzee, kuna mtu amesema huyu mama ni mwizi?"

"Hakuna."

"Sasa mbona unamtaja mwizi?"

"Kwa sababu nimewahi kuajiri wezi. Huyu namwachia ufunguo nikienda Kalemng'orok kununua mbuzi. Na mlango wake haurudi hapa kwa kulalamikiwa."

Akanishukuru sana. Akasema maelezo yangu ni "excellent". Nikachoka hapohapo. Hilo neno nalijua kutoka kwenye mikutano ya maofisa. Unasimama, unasema bomba la maji limepasuka, wanakwambia umechangia "excellent", wanakunywa soda, wanapanda gari. Bomba linabaki vilevile.

Jibu lilikuja kwenye simu ya fundi wangu baada ya wiki chache. Akaniletea, nikamtumia binti yangu atusomee. Mistari ya kwanza ilikuwa sifa tupu: wamefurahishwa naye, ana uzoefu mzuri, wanamtakia kila la heri. Mama wa watu akaanza kutabasamu. Nami nikaanza. Mstari wa mwisho ukasema wamemchukua mwingine.

Nyapara yule angesema hapana, ukajua mapema.

Alikaa juu ya fremu ya dirisha, glavu mkononi. Kisha akaniuliza niliwaambia nini. Nikamweleza yote, neno kwa neno, pamoja na mwizi. Nilidhani atakasirika.

"Ulisema hivyo kwa Kizungu?"

"Kwa Kizungu."

"Na kwa Kiswahili?"

Nikamwambia sifa ya Kiswahili anaijua, ufunguo nampa yeye. Akavaa miwani, akarudi kazini.

Ijumaa aliondoka mapema kwenda Lodwar kwa watoto, mwezi ukiwa bado katikati. Hakuniomba ruhusa. Niliona kikoba chake kwenye bodaboda, nikaendelea kupima vyuma. Jumatatu akaingia jua likiwa limeshapanda, akanisalimu kwa Kiturkana, ejok, kama mtu aliyefika kwa wakati. Yule mlevi akaacha msumeno, akanigeukia kusikia nitamwita nini.

Nikamwambia huyo mlevi awashe jenereta, mama aanze kazi. Na Ijumaa nyingine, kabla ya adhuhuri, nilimwita mwenye bodaboda mimi mwenyewe, ampeleke mama kwenye magari ya Lodwar.