Asali ya posa, njiti ya kiberiti na ukuta wa chavua: yaliyonikuta Mikindani

Wakuu, sogezeni viti. Kisa hiki hakina chumvi. Sawa, kina ile ya kukolezea mboga tu, lakini mwenye kukutwa ni mimi mwenyewe, hapa hapa Mtwara.

Wazee wangu walikuwa wamepeleka posa Mikindani, kwa kina Somoe, binti niliyempenda. Jibu likawa "tunalifikiria".

Wakuu, mnalijua "tunalifikiria" la wakwe? Nilikonda mpaka mkanda ukanizunguka mara mbili.

Nikaona nilainishe mambo. Binamu yangu Hamisi anafuga nyuki Mpapura, jirani na shamba la alizeti. Akanipa dumu la asali, nikampelekea mama yake Somoe.

Na mdomo wangu huu nikauachia: "Mama, hii ni asali ya alizeti tupu. Haijaguswa na mtu!"

Mama akainuka. Akachukua kiberiti pembeni ya jiko, akachovya kichwa cha njiti kwenye asali, akakwangua.

Kimya.

Njiti ya pili. Kimya. Ya tatu ikamomonyoka.

Kwa msiojua, hiyo ndiyo maabara yetu. Njiti ikiwaka, asali ni halisi. Isipowaka, umeletewa sukari.

"Baba," akasema taratibu, "mtu akinidanganya asali, binti nitampaje?"

Jasho lililonitoka lingemwagilia mikorosho yote ya Mpapura.

Sasa, mimi ni zao la masomo ya jioni. Biolojia nilipata C, na pale mtaani kwetu Chikongola C yangu inaheshimika kuliko uprofesa. Nikachota asali ile kidogo, nikakimbilia kwa aliyenifundisha, Mwalimu Pendo, mwenye hadubini, nikamsimulia yote.

Akaizimua asali kwa maji ya uvuguvugu, akaacha chavua izame, akanyonya tone la chini na kuliweka kwenye slaidi. Lakini kwanza akanionyesha chavua ya alizeti, nipate cha kulinganisha.

Wakuu! Ule unga wa njano unaochafua shati, kila punje ni shokishoki! Duara lenye miiba pande zote. Na ukuta wake, mwalimu akanieleza, una tabaka mbili zenye uwazi katikati, kama nyumba iliyopigwa dari.

Kisha tukaangalia ya kwangu.

Hakuna shokishoki. Niliona matuta yaliyozunguka vishimo, vimiiba vifupi vimepanda juu ya matuta. Kama yale matofali ya matundu tunayojengea baraza ili upepo upite.

"Hii si alizeti," akasema mwalimu. "Huu ni mchunga."

"Mchunga wa mboga?"

"Huo huo. Ni familia moja na alizeti. Ila ndani ya familia kuna koo, na ukuta wa chavua ni mojawapo ya vitu vinavyotuonyesha nani wa ukoo gani. Wenye miiba mitupu kule, wenye madirisha huku."

Nikaruka. "Kwa hiyo asali ni halisi!"

"Tulia wewe. Ukuta unasema nyuki walitua wapi. Kama kuna mtu aliongeza sukari baadaye, hausemi. Na hiyo njiti, uliijaribu ikiwa kavu?"

C yangu yote ile, na swali hilo sikuliuliza.

Nikarudi Mikindani na picha kwenye simu. Nikamwambia mama ukweli: nilikosea, si alizeti, ni mchunga.

Akaishika simu mbali na uso. "Nchunga? Nchunga huu ninaoupika kwa nazi? Mbona ni nchungu?"

"Jani ndilo chungu, mama. Nyuki anafuata ua."

"Na haya matundu ndiyo yasema hivyo?" Akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Somoe! Njoo umwone mchumba wako kaniletea picha ya tofali! Tena washa jiko, anywe chai aende zake."

Somoe akachukua kiberiti pembeni ya jiko.

Akakwangua. Kimya.

Ya pili. Kimya. Ya tatu ikamomonyoka.

Wakuu, mimi nilitazama darini.

"Mama," Somoe akauliza kwa upole wa hatari, "hiki ndicho ulichopimia asali? Si ndicho kilicholowa kwa mvuke wa wali?"

Mama akakohoa. Akapanga upya vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Kaombe moto kwa jirani," akasema. "Na uje na mkate."

Akakimwagia asali kipande cha kwanza, akala. Cha pili, akala. Cha tatu akanipa mimi.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa," akasema. "Na wewe, alizeti zako ziache huko huko."

Leo akiwapakulia wageni asali huwaambia, "Hii ina madirisha!"

Nilichojifunza: kabla hujakipima kitu, pima kipimo chako. Na kama hujaona maua kwa macho yako, usiyataje mbele ya mkwe.

Haya, nyie huko kwenu asali mnaipimaje? Mwagikeni hapa chini. Ila wenye viberiti, vianikeni kwanza.