Barua ya Kusema Sina Maneno

Nilikuwa nimemaliza fomu foo, na watu wa mtaa wetu hapo Eldoret walikuwa wananichosha. Hakuna anayesema kitu moja kwa moja. Mahindi yakijaa stoo mpaka mlango haufungi, mama anasema hatukukosa. Ukiuliza habari ya serikali, unaambiwa hatujaona ubaya, na anayekujibu anaangalia dirisha kwanza.

Mimi nilitaka kazi ya ualimu, ile ya wasiosomea, shule moja huko Kesses. Bila barua ya chifu, sahau. Nikaenda na mama.

Chifu akashika kalamu. "Kijana, unaonaje serikali yetu?"

"Nzuri kabisa, Mzee! Hakuna kama hii dunia nzima!"

Akaweka kalamu chini. "Dunia nzima? Wewe umefika wapi, hapo Cheptiret tu?" Karani wake akacheka. "Mtu akisifu hivi kuna kitu anaficha. Si ni nyinyi mnasambaza zile karatasi za kutukana wakubwa?"

Nikaona kazi ndiyo hiyo inaenda. Mama akaingilia pole pole.

"Mzee, msamehe, ni kusoma kumezidi. Lakini hana maneno na mtu."

"Hana?"

"Hana, Mzee. Hajawahi."

"Haya, sasa tunaongea." Akaandika, akapiga muhuri.

Nje nikaisoma: *Mwenye barua hii si mtu mbaya. Hajashikwa. Hana maneno. Sisi hatumkatai.*

Nilichemka. Mimi, namba moja darasa zima! Barua kama hiyo hata ng'ombe wetu angepewa.

"Mama, acha nirudi aongeze hata neno hodari."

"Rudi uone." Akaninyang'anya barua, akaificha kifuani, na siku ya kwenda shuleni akakataa kuniachia. Tukaenda wote.

Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akitikisa kichwa kwa heshima. "Hatumkatai! Chifu wenu anakupenda sana." Kijana mwingine alikuwa na barua ya kusema yeye ni hodari, shupavu, mzalendo kuliko wote. Huyo aliambiwa angoje nje, kwanza chifu wake aulizwe alipewa nini.

"Utaanza Jumatatu," mwalimu mkuu akaniambia. "Umefurahi?"

Nilitaka kuruka mpaka dari. Nikafungua mdomo, nikaona mama amenikazia macho.

"Sijakasirika, Mwalimu."

Akafungua droo, akanipa boksi zima la chaki.