Vidole Ambavyo Bahari Haikuvigusa

Mama yangu aliacha kujifungia vifungo vya gauni kabla mimi sijajua kusoma. Vidole vyake vilivimba kwenye viungo, kisha vikaanza kulala upande mmoja, vyote vikielekea kidole kidogo, kama abiria waliosikia gati iko upande ule. Asubuhi alikaa ukumbini na bakuli la maji ya moto mapajani, mikono imo ndani. "Ngojeni mikono yangu iamke," alisema, na sisi chai tuliingoja mpaka iamke. Chumba chake kilinuka mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, aliyokuwa akichuliwa kila siku Mungu aliyoileta.

Ugonjwa tuliuita baridi yabisi, na mtaa mzima ulijua umetoka wapi. Mama alikuwa akienda pwani kuchokoa chaza tangu ana miaka saba, maji yakiwa yametoka alfajiri, miguu na mikono ndani ya baridi. Kwa hiyo ikawa sheria ya nyumba yetu: mtoto wa kike hatii mkono majini kabla jua halijapanda.

Sheria ile mimi niliivunja kila nilipoweza. Nilikuwa nikisema nakwenda chuoni na msahafu wangu, nikapitia pwani. Chaza zangu niliziuza nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa mwanamke aliyejua kununua na kunyamaza. Ndivyo nilivyojifunza biashara.

Nilipokuwa mtu mzima nikapata meza sokoni Wete, machungwa na ndimu, kwa mafungu. Kila fungu nalihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yangu. Mazuri nayaweka juu. Yenye doa yanakaa chini, yametazama meza. Huo si wizi, ni mpangilio, na mteja mwenye akili analigeuza fungu.

Mwanangu wa kike nilimlea kwa sheria ya mama. Kilimo cha mwani kilipoingia, wenzake wote wakawa wanakwenda kufunga kamba pwani, wanarudi wameungua na jua na wana chao mkononi. Yeye nilimkalisha nyumbani akipika mandazi. Walikuwa wakipita dirishani: "We mtoto wa sukari, hutoki? Au mama'ko anaogopa utayeyuka?" Alicheka nao. Mimi nilisema mtacheka, mtakuja kufungiwa vifungo.

Akaja mchumba, kijana wa kisiwani Fundo. Mama yake alikuja kutuona, mkulima wa mwani, mwanamke mpana mwenye mkono kama kasia. Kwetu mama mkwe mtarajiwa hamuulizi binti maneno mengi, anamshika mkono kwa salamu na anaukawiza, huku macho yanapita kila mahali. Alipoukamata mkono wa mwanangu nikaona uso wa mtoto umekunjika, kisha ukajinyoosha haraka. Mgeni hakuona, au alijifanya hakuona. Mimi niliona.

Mgeni alipoondoka nikamuuliza mwanangu.

"Nini mkono?"

"Hapana kitu, mama."

"Nimekuuliza mara ya kwanza. Naanza ya pili."

Akakaa chini. "Asubuhi mikono yangu inachelewa kuamka."

Maneno yale yale, na mama alikwishakufa huyu hajazaliwa. Kumbe miezi mingi alikuwa akikanda unga wa mandazi jioni, ili asubuhi nisimwone anavyoshindwa. Nilivishika vidole vile. Viungo vya katikati vilikuwa vya moto na vimejaa, hasa cha kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

Hospitali walimtoa damu, na daktari akaniuliza habari za ukoo. Nikamwambia, "Daktari, angalia vizuri, huyu hajagusa maji ya alfajiri hata siku moja. Nimemlinda mwenyewe."

"Na wewe uliyagusa?"

Nikaitazama mikono yangu. Imenyooka, inabeba pakacha la machungwa bila msaada.

"Hebu nihesabie wanawake wa upande wa mama yako," akasema.

Hapo alikuwa amemkuta mwenyewe wa kuhesabu. Nikahesabu: kumi na mmoja. Wenye vidole vilivyolala: bibi, mama, na mama mdogo. Sasa na huyu. Mama mdogo aliolewa Tanga bado mdogo, akaishi mjini akishona nguo, na bahari aliiona siku ya kwenda na siku ya kurudi. Dada zake wawili waliochokoa chaza maisha yao yote walikufa na vidole vyao salama. Nikarudia hesabu. Ikakataa vile vile. Miaka yote tulikuwa tumewahesabu waliougua tu, na waliokwenda pwani wakarudi wazima hatukuwatia ndani. Mimi, ninayegeuza kila chungwa, fungu hili sikuligeuza.

Daktari akanieleza taratibu. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na maradhi, inakosea adui na kuvishambulia viungo. Sehemu ya sababu iko kwenye vinasaba tunavyorithi. Si kimoja, ni vingi vidogo vidogo, kila kimoja kinasukuma kidogo. Mtu hurithi wepesi wa kuugua, ugonjwa wenyewe si lazima uje. Hata mapacha wanaofanana kabisa, mmoja huumwa mwenzake akabaki mzima.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa."

"Ulipewa bila kuulizwa, ukatoa bila kujua. Na huenda upande wa baba yake nao ulitia mkono."

Hilo la mwisho lilinipunguzia kidogo, sitaficha. Baba yake hakuwa mtu wa kuchangia mambo.

Kisha nikaanza kupatana. "Harusi iko baada ya miezi minne. Tuanze dawa baada ya harusi."

"Viungo havisubiri harusi, mama. Kinachoharibika sasa hakirudi."

"Basi miezi miwili."

"Leo."

Mtu yule hakuwa na bei ya pili. Dawa ilikuwa vidonge vya mara moja kwa wiki, si kila siku, akarudia, nami nikarudia. Na jambo moja zaidi: haipatani kabisa na mimba. Akitaka mtoto, aje kwanza abadilishiwe dawa, angoje muda atakaoambiwa.

Njiani mwanangu alisema neno moja tu: "Usimwambie mama mkwe."

Nilimwelewa. Bibi harusi wa kwetu huanza kutazamwa tumbo kabla hina haijafutika. Tungeficha dawa, mwaka wa kwanza wangemwita tasa. Angeiacha dawa ili azae, angeishia kwenye bakuli la mama. Na tungesema ukweli, huenda posa ikavunjika. Mama mwenye meza sokoni alijua la kufanya: zuri juu, doa chini. Lakini huyu hakuwa chungwa, na aliyekuja kununua si mpita njia.

Mama wa kijana alipokuja Wete siku ya soko nikamkalisha kwenye kigoda changu. Nikamwambia yote: mama, mama mdogo, kidonge, mimba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akajifunga kanga upya. "Haya, nimesikia," akasema, akaenda zake.

Siku tano hakuja mtu. Niliuza ndimu kwa bei ya kijinga. Mwanangu hakunisemesha, na kidonge chake cha wiki ile alikimeza akinitazama machoni.

Siku ya sita mama wa kijana akaja mezani kwangu na pweza mkavu ndani ya gazeti.

"Na mie nimehesabu kwetu," akasema. "Kisukari wanne. Pumu wawili. Kaka yangu mmoja ana wazimu wa mpira, huo sijui kama unarithiwa. Na mwanangu anakoroma, nyumba ya jirani wanasikia."

"Hilo la kukoroma hukulisema ulipokuja mara ya kwanza."

"Wewe la nkono ulilisema siku ile?"

Nikamsogezea kigoda, akakaa.

"Mjukuu nimtarajie lini?" akauliza.

"Daktari akiruhusu. Labda miaka miwili."

"Mwaka na nusu."

"Bi mkubwa, hili si fungu la machungwa."

Akacheka mpaka kigoda kikalia. Kisha akaenda nyumbani kwangu, akamwita mwanangu, na safari hii mkono wake hakuukamata. Aliulaza juu ya kiganja chake, kama mtu aliyepewa yai.

"Asubuhi utanambia ukweli," akamwambia. "Ukiniambia hujambo nawe una jambo, tutagombana."

Harusi ilifanyika mwezi ule ule tuliopanga. Asubuhi yake mwanangu alisimama mbele ya kioo akajifungia vifungo mwenyewe, polepole, ulimi nje. Vilikuwa kumi na viwili. Nilihesabu, nikarudia.

Vidole navyo nilivihesabu, hina ikiwa mbichi. Tisa vilinyooka. Cha shahada cha kulia kilibaki kimepinda kidogo, na mpaka leo hakijarudi. Hicho kimechukuliwa na miezi ile aliyokanda unga jioni, ili mimi nisione.