Duara la Swichi

Kila mwezi wa Shaabani mama aliipaka chokaa nyumba yetu ya mawe hapa Vanga, Ramadhani isizikute kuta chafu. Ila swichi ya ukumbini hakuisogelea. Aliamini kwamba chokaa mbichi ikiigusa tu, atapigwa na stima. Basi swichi ikabaki katikati ya duara lisilopakwa, na ndani yake doa jeusi la vidole vyake, vilivyokuwa na mafuta ya nazi siku zote.

Alipofariki, sikukubali mtu yeyote aliguse duara lile. Ndugu zangu walinicheka. Wacheke.

Mwaka jana waya zikaanza kutoa harufu ya kuungua. Zilitiwa zama za babu, na mpira wake ulikuwa ukipukutika ukishikwa. Nikamwita fundi kutoka Ukunda, mtu wa bara, mpole. Nikamwacha juu ya ngazi, nikaenda kununua samaki. Niliporudi, swichi mpya ilikuwa kando ya mlango, na pale pa zamani pamezibwa kwa saruji na kulainishwa.

"Mama, hapo palikuwa pachafu sana," akaniambia akitabasamu. "Nimekusafishia."

Nilitaka kumtukana. Nikamwambia ahsante.

Shaabani hii nimepaka chokaa mwenyewe. Nilipofika pale, mkono wangu ukapazunguka bila kuambiwa. Limebaki duara la saruji, safi, halina alama ya kidole cha mtu.