Vikombe vya Moto Kapata

Mama Mchina anayeumika watu hapa Kapata hufuta kila kikombe cha kioo kwa kidole gumba, hukitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha hukipitisha kwenye pamba inayowaka na kukibandika mgongoni. Ngozi huvimba ndani yake, ikawa ya zambarau. Majirani husema anakusanya damu za watu. Ndiyo maana nilimsindikiza mume wangu Gracien, aliyeangukiwa na udongo kwenye shimo la madini, nikaketi mlangoni nikimkodolea macho yule mama.

"We unaniogopa," aliniambia bila kugeuka.

"Mi naangalia tu."

Akabonyeza uti wa mgongo. Gracien akapiga yowe, akataka kuinuka. Yule mama akamkandamiza mabega kwa nguvu zote.

"Mwachilie!" nikaruka.

"Mufupa imevunjika! Asisimame!"

Tulimbeba sisi wawili juu ya kitanda chembamba cha yule mama mpaka barabarani, tukapata gari la kutupeleka hospitali.

"Angesimama, asingetembea tena," daktari alisema. "Nani alimukataza?"

"Mama Mchina," nikajibu. Jina lake sikuwahi kumuuliza.