Kitunga Kilichojaa Upesi

Nikisikia harufu ya maganda mabichi ya maharagwe, mikono yangu huchoka kabla sijagusa kazi. Hunirudisha kijijini Nyabiondo, uani kwetu, mwaka ule mama alipopatwa na kiharusi na mkono wake wa kuume ukabaki umelala mapajani. Nilikuwa na miaka kumi, binti pekee nyumbani.

Kwetu, mtoto mwenye adabu hamwachi mzazi mgonjwa ahangaike. Nilimlisha, nikamvisha, nikamfunga kitambaa kichwani. Majirani walinisifu mpaka kichwa kikavimba. Kisha akaja kine, ndivyo tulivyomwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo, juu ya pikipiki iliyojaa matope. Akaufunga kwa kitenge mkono wa kushoto wa mama, ule mzima, akamwekea mbele kitunga cha maharagwe.

“Mama, huyu mukono iko nasahau kazi,” alisema. “Kila siku mutoe maharagi mu maganda, kitunga moja, na mukono ya bugonjwa tu. Na wewe, dada, usimusaidie. Hata akilia.”

Hata akilia! Nilimwona mtu asiye na haya hata kidogo.

Mama alitaka jambo moja tu: kushika jembe tena msimu ukifika. Basi alipambana na ganda moja mpaka jasho likamtiririka. Likamponyoka, akaanza upya, nami nimekaa kando yake kama mzigo. Siku ya tatu akalia kweli.

“Nimechoka, mutoto yangu. Maliza wewe.”

Nikamaliza. Kesho yake hakuniomba. Nilikaa tu nikaanza. Kila wiki kine alikuta kitunga kimejaa, akamsifu mama, na mama akatazama chini.

“Kazi yote hii, na vidole viko vile vile?” kine alishangaa siku moja. Nikazoa maganda. Mwishowe akaacha kuja, na nakiri kwenu kwamba nilifurahi. Msimu ulipofika, shamba letu lililimwa na wengine, mama akiwa ameketi ukingoni.

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilimhurumia. Sivyo. Nilichoka kumtazama. Yule mgeni wa pikipiki alikubali mama alie kwa sababu aliamini mkono ungeamka. Mimi, niliyemlisha kwa mikono yangu, nilikuwa nimeshauzika mkono ule.